Jina Lililobaki Lupembe

Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, baba wa watoto watatu na babu wa mmoja, paroko wetu aliponiambia kwamba hawezi kunifungisha ndoa. Hakusema kwa ubaya. Alifungua jalada letu mezani, akapekua karatasi moja moja, kisha akavua miwani.

"Karatasi za Mama Neema zimekamilika," alisema. "Zako, Deo, zina pengo. Sina cheti chako cha ubatizo."

Mimi na Oliva, huyo Mama Neema, tumeishi pamoja miaka ishirini na sita hapa Mshangano, pembeni mwa mji wa Songea. Mimi ni seremala. Yeye ana kitalu cha miche, parachichi na miti ya mbao, na ndiye mwenye gari nyumbani kwetu. Tulianza maisha kama wengi: wazazi walikubaliana, tukasema ndoa ya kanisani itafuata mambo yakikaa sawa. Mambo yakachelewa kukaa sawa mpaka mvi zikatuota. Mwaka huu tuliamua kwamba imetosha. Tulimaliza mafundisho pamoja na jozi nne za jumuiya yetu, na tarehe ya misa ilikwisha kupangwa. Zilibaki wiki tatu.

Nilipiga simu parokia ya huko Lupembe, kwenye mashamba ya chai ya mkoa wa Njombe, ambako mama alinizaa. Katibu wa parokia alitafuta siku mbili, akanirudia. "Mzee wangu, Deogratias wa mwaka huo hayupo. Nimepitia daftari lote. Labda uje mwenyewe na mtu anayekumbuka."

Paroko wetu alisema ukweli wake: cheti kikikosekana, sisi tutasubiri kundi la mwakani. Tulipofika nje Oliva alifungua mlango wa pikapu, akakaa, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Mwakani sisubiri," alisema. "Alhamisi tunakwenda."

Mtu anayekumbuka alikuwa mmoja tu, mama yangu, Skolastika, ambaye ana miaka sabini na mitatu na anakaa nasi. Kuhusu Lupembe nilijua machache. Nilijua kwamba yeye na baba walikwenda huko vijana kuchuma chai, kwamba baba, aliyeitwa Kasiani, alikufa huko kwa homa ya mapafu nikiwa mchanga, na kwamba mama alirudi Songea na mimi mgongoni. Nikimuuliza zaidi, alikuwa akikumbuka ghafla kwamba kuna kitu jikoni. Nilitegemea angekataa safari kwa sababu ya baridi. Badala yake alisema, "Bila mimi hamtaiona hata njia," akaenda kukunja khanga zake.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Mshangano. Ilikuwa Julai, na hata Songea kulikuwa na ubaridi wa kuvaa sweta. Oliva alikuwa kwenye usukani, mimi pembeni yake, mama nyuma akiwa na blanketi na chupa ya chai. Watu huuliza kwa nini mke wangu ndiye anayeendesha. Jibu ni kwamba nilijaribu kujifunza mara moja nikaangusha uzio wa jirani, na yeye alijaribu mara moja akapata leseni. Mimi kazi yangu safarini ni kumenya machungwa na kusoma vibao.

Barabara ya kwenda Njombe ni ya lami mwanzo hadi mwisho, na asubuhi ile ilikuwa karibu yetu peke yetu. Mahindi yalikwisha vunwa. Mashamba yalibaki mabua, na kwenye nyua za watu magunia yalikuwa yamepangwa yakisubiri wanunuzi. Oliva anapoendesha hupenda kuzungumzia miti. Huu umepandwa karibu mno na mwingine, ule umekosa mtu wa kuupogoa, shamba lile lina mwenye akili. Nilimwacha aseme. Nilijua kwamba akizungumza hivyo hana wasiwasi, na mimi nilihitaji mtu asiye na wasiwasi.

Madaba tulisimama kunywa supu. Mama alikula chapati nusu tu. Nilimuuliza kama anajisikia vibaya. "Sina njaa, baba," alijibu. Hivyo ndivyo anavyoniita akitaka nisiendelee kuuliza.

Baada ya Madaba tulianza kuipanda milima ya Lukumburu. Anayeijua atanielewa. Barabara inajikunja na kujikunja tena, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde lenye kina kirefu. Malori ya makaa ya mawe yalikuwa yakishuka kwa gia nzito, taa zimewashwa ndani ya ukungu. Oliva alizima redio. Alishika upande wake, akapiga honi kila kona, na alipofika nyuma ya lori lililokuwa likipanda kwa shida hakulipita, ingawa dereva alimwonyesha kwa mkono kwamba njia ni nyeupe.

"Yeye anaona mbele, mimi sioni," alisema. "Tutafika tu."

Ilituchukua muda mrefu, lakini tulipotokea juu jua likafunguka, na mbele yetu vilima vikawa vimefuatana mpaka macho yakachoka. Hewa ilibadilika. Ilikuwa na harufu ya miti ya misindano na moshi wa kuni mbichi. Mama alishusha kioo, akavuta pumzi kwa nguvu, kisha akakipandisha upesi.

Mchana, saa saba kasoro, tuliingia Njombe mjini. Sikuwahi kufika. Nilichoona kwanza ni mavazi: watu wamevaa makoti mazito mchana kweupe, kinamama wamejitanda mablanketi juu ya khanga, na dereva wa bodaboda amevaa glavu za sufu. Mji umepanda na kushuka kufuata vilima vyake. Sokoni viazi vilikuwa vimerundikwa, maparachichi nayo ni makubwa kiasi kwamba Oliva alisimama mbele ya meza moja kama mtu aliyeona ndugu zake. Akaanza kumuuliza mwenye meza aina ya mche, umri wa mti, na mbolea aliyotumia.

Mama alikuwa nyuma yangu. Mwenye meza alimwona jinsi anavyotetemeka, akamwamkia, "Kamwene, mama."

"Kamwene," alijibu mama. Kisha akaendelea. Aliongea Kibena, sentensi baada ya sentensi, bila kutafuta maneno. Mwenye meza akacheka kwa furaha, akajibu, wakapeana mikono yote miwili. Nilibaki nimeshika mfuko wa viazi. Katika miaka yangu yote nilimsikia mama akisema Kingoni na Kiswahili tu.

"Mama, kumbe unajua Kibena?"

"Nilikaa na watu," alisema. "Ukikaa na watu unaongea nao."

Tulilala kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, kila kitanda kikiwa na mablanketi matatu.

Ijumaa asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Tulikata kulia mahali panapoitwa Kibena, tukaingia barabara ya Lupembe. Huko lami haikuwa kila mahali; kuna sehemu tulikwenda kwa mwendo wa mguu, matairi yakikamata udongo mwekundu uliolowa ukungu. Kwanza ilikuwa misitu ya kupandwa, misindano na mikaratusi. Kisha tulizunguka kona moja, na chai ikaanza.

Nimekunywa chai kila siku ya maisha yangu, lakini sikuwa nimewahi kuona shamba lake kwa macho ya mtu mzima. Ni kijani ambacho hatuna Songea. Vilima vimefunikwa kabisa, na juu pamekatwa sawasawa, kama mbao iliyopigwa randa na fundi mwenye subira. Katikati kuna vijia vyembamba. Wachumaji walikuwa ndani ya chai mpaka kiunoni, wamefunga mifuko ya nailoni mbele kujikinga na umande, vikapu mgongoni. Mikono yao ilikwenda bila wao kuitazama: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, kisha yanatupwa nyuma begani.

"Simama," mama alisema.

Oliva alisimamisha gari. Mama hakushuka. Alitazama tu, na vidole vyake juu ya blanketi vilikuwa vikichuma. Nadhani yeye mwenyewe hakujua.

Saa nne tulifika parokiani. Ni kanisa la matofali ya kuchoma, paa la bati, na kando yake ofisi yenye jiko la kuni. Katibu, mwanamume mpole mwenye kofia ya sufu, alitutolea viti na chai ya maziwa, kisha akaleta daftari la ubatizo, kubwa, jalada lake limeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Tulilifungua pamoja. Mwandiko ulikuwa wa wino uliopauka, lakini ulisomeka. Tulianza Januari, tukamaliza Desemba, tukaingia mwaka uliofuata. Hapakuwa na Deogratias hata mmoja mwenye mama Skolastika.

"Mama," katibu aliuliza, "siku ya ubatizo ulikuwepo hapa kanisani?"

"Hapana."

Nilimgeukia. Hilo sikulijua.

"Nilikuwa zahanati ya kambi ya wachumaji," mama alisema, akitazama jiko. "Nilikuwa na homa ya uzazi. Nilikuwa sijitambui. Mtoto aliletwa na mtu mwingine."

"Nani?"

Chai yake ilikuwa mkononi, haijanywewa.

"Jirani yangu. Leokadia."

Uso wa katibu uling'aa. "Bibi Leokadia? Yule wa chini ya kiwanda? Yupo! Jumapili iliyopita alisali hapa. Twendeni, ni karibu tu."

Mama aliweka kikombe chini. "Nyinyi nendeni. Mimi mlango wa yule mwanamke sivuki."

Katibu aliinuka akasema anakwenda kuongeza kuni, ingawa kuni zilikuwapo za kutosha. Ni Oliva aliyevuta kiti chake mpaka magoti yake na ya mama yakagusana.

"Mama, alikukosea nini?"

Ndipo mama alipoongea. Alisema baba aliugua wiki ile ile aliyojifungua, akapelekwa hospitali ya misheni. Yeye akabaki zahanati, homa inapanda na kushuka. Kila alipozinduka alimuuliza Leokadia, "Kasiani anaendeleaje?" na Leokadia alimjibu, "Anaendelea vizuri, atakuja." Siku ya tisa, alipoweza kukaa kitandani, waliketi wanawake watatu mbele yake wakamwambia kwamba mume wake alikwisha zikwa, siku kadhaa zimepita.

"Nilikuwa namuuliza habari za mtu aliye ardhini," mama alisema, "naye ananijibu anaendelea vizuri. Nilipopata nguvu ya kutembea nilipanda lori la majani ya chai, nikaondoka. Sikumuaga. Hata kaburi sikuliona. Sikutaka anionyeshe yeye."

Nilikuwa nimekuja kutafuta karatasi.

"Mama," Oliva alisema, "mimi na Deo tunaweza kusubiri mwakani."

Nilimtazama. Yule aliyesema kwamba hasubiri ndiye aliyekuwa akisema hivi, na alimaanisha.

"Lakini wewe," aliendelea, "mwakani utarudi huku?"

Mama alijifunga khanga upya, polepole, akaifunga na kuifungua. Kisha akasimama. "Niendesheni kabla sijabadili mawazo."

Nyumba ya Bibi Leokadia iko chini ya kiwanda cha chai, mahali ambapo harufu ya majani yanayokaushwa haiondoki. Ana shamba lake dogo la chai linaloanzia hatua chache kutoka mlangoni. Tulimkuta humo humo akichuma, bibi mrefu, mkavu, mguu mmoja anaukokota. Katibu alimwita, akaja akijifuta mikono.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmetoka wapi na baridi hii?"

"Songea."

Alikuwa bado anatabasamu alipomwona mama akishuka garini. Tabasamu lilitoka usoni mwake taratibu. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akanigeukia mimi, akanishika kidevu kama ninavyomshika mjukuu wangu, akanigeuza uso kwenye mwanga.

"Kasiani," alisema.

Nilidhani ananifananisha na baba. "Hapana, bibi. Mimi ni Deogratias, mtoto wake."

"Deogratias nani?" alisema. "Wewe ni Kasiani. Jina hilo nilikupa mimi."

Katibu alipiga makofi mara moja, akashika kofia yake. Mimi bado sikuelewa. Bibi Leokadia alituingiza jikoni, akatukalisha kuzunguka moto, na kabla ya kumimina chai akaanza kusimulia, akimtazama mama tu, kana kwamba sisi wengine hatukuwapo.

"Padre alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi. Alikuja siku ile ile ya mazishi. Mtoto alikuwa amepoa, hanyonyi vizuri, nikaogopa atamfuata baba yake. Nilikuwa na wangu wa miezi mitatu. Nikamfunga wangu mgongoni, wako nikamfunga kifuani, nikaja kanisani. Padre akauliza jina. Nje walikuwa wanateremsha jeneza kutoka kwenye lori, nasikia nyimbo. Nikasema Kasiani. Nilisema, wakimzika mmoja, mwingine abaki."

Moto ulilia. Mama alikuwa ameinama.

"Hukuniambia," alisema. "Mimi nikamwita Deogratias."

"Nilitaka kukuambia. Uliondoka."

"Hukuniambia kwamba amekufa!" Sauti ya mama ilipanda, sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Ungenibeba, Leokadia. Ungenibeba hata kwa machela nikamwone!"

"Ningekubeba kwa mikono ipi?" Bibi Leokadia alijibu, naye sauti imepanda. "Mgongoni mtoto, kifuani mtoto! Mganga wa zahanati alisema ukiambiwa utakufa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, Skola. Nilimwamini. Kila uliponiuliza nilikuwa nakujibu, halafu natoka nje kutapika."

Mama alilia bila kujificha, na bibi yule hakumgusa, hakumwambia nyamaza. Alikaa tu upande wa pili wa moto, mikono yake yenye weusi wa utomvu wa chai imelala magotini. Baada ya muda mama alijifuta kwa ncha ya khanga.

"Alinyonya kwako?" aliuliza.

"Siku kumi na nne."

Mama alinitazama, akamtazama Leokadia, akanyoosha mkono kuchukua kikombe. "Basi nipe hiyo chai," alisema. "Imekuwa ya baridi sasa."

Alasiri tulikwenda makaburini. Ni mahali pa zamani pa wafanyakazi, kwenye ukingo wa shamba chini ya mikaratusi, na makaburi mengi yamezama usawa wa ardhi. Bibi Leokadia alitangulia akikokota mguu wake. Hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kaburi lililozungushiwa mawe, majani yamefyekwa, na msalaba wa mbao ambao mimi kama seremala niliona mara moja kwamba si wa zamani.

"Huu ni wa tatu," alisema. "Mvua inaoza mbao. Kila Siku ya Marehemu nafyeka."

Juu ya mbao walikuwa wamechonga KASIANI KUTOKA SONGEA, herufi zimepinda. Mama alivua viatu vyake. Nilimwambia udongo ni wa baridi, hakunisikia. Alipiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya kaburi, akazungumza Kingoni kwa sauti ndogo. Sitaandika alichosema. Kilikuwa kati yao. Mimi nilisimama mbele ya jina langu na la baba, nikajaribu kumfikiria kijana wa miaka ishirini na kitu, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, aliyetoka kwetu kuja kutafuta maisha kwenye vilima hivi. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Kabla ya hapo nilikuwa nikimwonea hasira kwa kutokuwapo, na sikuwa nimejua kwamba ni hasira.

Oliva alikuwa amekwenda garini. Alirudi na kopo la maji na mche wa mti kutoka kitaluni kwake, kwani huwa hakosi kitu cha namna hiyo nyuma ya pikapu, akauliza kwa adabu kama anaweza kuupanda upande wa kichwani. Mabibi wote wawili walikubali kwa pamoja, kisha wakabishana kuhusu umbali kutoka kwenye mawe.

Jumamosi asubuhi nilipewa cheti. Katibu alikuwa amelipata jina dakika ile ile tuliyorudi ofisini: Kasiani, mama Skolastika, baba Kasiani (marehemu), mdhamini Leokadia. Mstari mzima ulikuwapo, safi, haujaguswa na maji wala panya. Tulikuwa tumeupita mara mbili kwa kidole, tukitafuta Deogratias tu. Paroko wa pale alitia sahihi na muhuri, akanishika mkono akasema, "Karibu nyumbani, Kasiani," nami nikachelewa kuitika.

Mama alikuwa amelala kwa Leokadia usiku wa Ijumaa. Tulipokwenda kumchukua tulimkuta ndani ya chai, kikapu mgongoni, Leokadia mstari wa pili, wakichuma na kusemezana Kibena. Siwezi kusema kwamba yote yalikwisha. Wakati wa kuagana niliona mama akikunja uso tena. Lakini mama alisema, "Siku ya Marehemu nitakuja. Usifyeke, tutafyeka wote." Leokadia alimwambia aje na sweta la maana, si lile. Akamvisha lake.

Tulirudi kwa njia ile ile. Lukumburu tuliishuka mchana, jua kali, bonde lote likionekana mpaka chini, na Oliva akaimba njia nzima akiwa na gia ya pili. Pale Madaba mama alikula chapati mbili na supu. Jua lilikuwa bado halijazama tulipoingia Mshangano, na joto la kwetu likatupokea kama mtu wa nyumbani anayefungua mlango.

Wananiuliza hapa kijiweni safari ilinifunza nini. Nawaambia mambo ya barabara na ya chai, kwa sababu hayo ni rahisi kusimulia. Kwa msomaji wangu nitasema zaidi. Nilijifunza kwamba mama yangu alikuwa msichana mwenye miaka ishirini na miwili aliyenyimwa kumzika mumewe, na kwamba aliyemnyima ndiye aliyenipa maziwa. Yote mawili ni kweli, na hakuna linalofuta lingine. Nilijifunza pia kwamba nimeoa, au niseme wakati huo nilikuwa nakaribia kuoa, mwanamke anayejua wakati wa kutolipita lori na wakati wa kusogeza kiti karibu. Na ninawashauri wote wenye wazazi wazee: waulizeni, na wakikumbuka kitu jikoni, wafuateni huko huko jikoni.

Misa yetu ilikuwa Jumamosi saa nne. Jozi tano, sisi tukiwa wakubwa kwa umri kuliko wote, watoto wetu wamekaa benchi la pili na mama benchi la kwanza, amevaa sweta la kijani la Leokadia ingawa kulikuwa na jua. Bibi mwenyewe hakuweza kuja kwa sababu ya mguu. Paroko alikuwa ameniuliza atumie jina gani, nami nilimwambia asome kama lilivyoandikwa kwenye cheti.

Alianza kuita wanandoa wasogee altareni. Aliita jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akasoma, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Kasiani."

Nilisikia jina, nikasubiri mwenyewe asimame. Oliva alinibonyeza mkono. Lakini kabla sijanyanyuka, mama alikuwa amekwisha simama mbele ya kanisa zima.

"Yupo, Padre," alisema. "Huyu hapa."